Mwongozo wa Kuliamsha Lori Kuukuu Asubuhi ya Baridi Gusii

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai, Keroka. Ukungu umefunika barabara ya Sotik na hata maduka ya upande wa pili hayaonekani. Mikungu ya ndizi imepangwa kando ya lami tangu usiku, na mama aliyeileta amejitanda leso mbili juu ya sweta. Dereva amepanda. Utingo amesimama chini, tayari kuliondoa jiwe gurudumuni. Mnunuzi ameshapiga simu kutoka Nairobi kuuliza mmefika wapi. Ufunguo unazungushwa. Lori linajibu nge… nge… nge… kisha kimya.

Hapo ndipo vituko huanza. Mmoja anataka lisukumwe. Mwingine anauliza nani ana petroli. Wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, anaeleza namna marehemu babu yake alivyowasha lori la mkoloni. Dakika chache baadaye lori limezungukwa na mafundi kumi, na hakuna hata mmoja mwenye spana.

Mwongozo huu ni wa kumwokoa dereva mikononi mwa mafundi hao. Unamhusu kila mwenye Isuzu, Canter, Dyna au Bedford iliyokula chumvi nyingi: yule anayebeba ndizi, majani chai, miwa, mchanga au mawe ya Tabaka. Ufuate kwa mpangilio, na usiruke hatua kwa sababu mnunuzi amepiga simu tena.

Hatua ya kwanza: Acha kuisingizia baridi

Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Nyamira, kama vile Kiabonyoru na ukingo wa Manga, hupanda zaidi ya hapo. Usiku wa baridi kali kipimajoto hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Baridi hiyo inatosha kumfanya mtu ashike kikombe cha uji wa wimbi kwa mikono miwili, lakini maji hayagandi ndooni.

Sasa wafikirie ndugu zetu wa Gusii walioko Minnesota, Marekani, na ni wengi. Huko Januari huleta siku za nyuzi 20 chini ya sifuri, na malori ya dizeli huwaka. Huwaka kwa sababu wenye malori huziandaa injini: huzichomeka kwenye umeme usiku kucha ili chuma kisipoe kabisa, na vituo vya mafuta huuza dizeli iliyotengenezwa kwa majira hayo ili nta iliyomo isigande. Kwa hiyo lori likikataa kuwaka Keroka kwa nyuzi 10, usiseme ni baridi. Sema lina ugonjwa, na baridi imekuja kuutangaza hadharani.

Ukitaka baridi yenyewe, ifuate barabarani. Lori linalotoka Kisii kwenda Eldoret likipitia Kericho hupanda Mau Summit, kisha Timboroa, ambako reli hupita kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700. Dereva akilala huko, asubuhi anaweza kukuta sakitu juu ya nyasi. Wala asidhani Julai ndiyo peke yake ya kuogopwa. Sakitu iliyounguza majani chai Kericho na sehemu za jirani mwaka 2012 ilianguka Januari, msimu wa anga safi, kwa kuwa usiku usio na mawingu huipoza ardhi haraka. Anayelaza lori Timboroa afuate mwongozo huu mara mbili, tena ahakikishe rejeta ina kulanti na si maji matupu ya mtoni.

Hatua ya pili: Lijue tumbo la lori

Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Huvuta hewa, ikaibana hadi ikabaki sehemu moja kati ya 17, na katika injini nyingine sehemu moja kati ya 22. Hewa iliyobanwa namna hiyo hupata joto la nyuzi 500 na zaidi. Nozo inapopuliza dizeli ndani ya joto hilo, dizeli hujiwakia yenyewe, maana yenyewe huhitaji nyuzi mia mbili na kitu tu. Ndivyo ilivyofanya injini ya Mjerumani Rudolf Diesel ilipopimwa mjini Augsburg mwaka 1897, na ndivyo linavyofanya lori lako hadi leo.

Yote yanayofuata ni habari ya joto hilo na wezi wake. Mwizi wa kwanza ni chuma baridi cha silinda, kinachoinyonya hewa joto kabla dizeli haijafika. Wa pili ni betri dhaifu: stata ikizunguka polepole, hewa hupata muda wa kupoa na kuvuja. Wa tatu ni ringi za pistoni zilizolika, zinazoachia hewa ipite chini badala ya kubanwa. Wa nne ni mlima wenyewe. Kwenye kimo cha mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ile ya Mombasa, kwa hiyo kila pistoni hubana kidogo kuliko ilivyozoea pwani. Ndiyo maana lori lililonunuliwa Mombasa likiwaka kwa mguso mmoja huja kumtia mwenyewe aibu Nyansiongo.

Injini mpya huwamudu wezi wote wanne. Kuukuu humudu mmoja, labda wawili. Kazi yako ni kuwapunguza.

Hatua ya tatu: Liwashe jana jioni

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoamua asubuhi yako itakuwaje.

Kwanza, jaza tangi jioni. Najua ada ya shule inakungoja na bei ya dizeli si mchezo. Lakini tangi lililo nusu tupu hubaki na hewa, na hewa ya Gusii ina unyevu karibu mwaka mzima. Usiku bati la tangi likipoa, unyevu huo hugeuka matone, matone huteremka chini, na chini ndiko mafuta yanakovutwa.

Pili, fungua koki iliyo chini ya filta ya dizeli ukinge kwa chupa ya kioo. Inyanyue chupa kwenye mwanga wa tochi. Utaona dizeli ya rangi ya asali juu, na chini yake mstari mkali, kisha maji. Pengine kuna na tope jeusi. Hicho kilichokaa chini ndicho ulichotaka kuilisha pampu saa kumi na moja alfajiri. Endelea kufungua mpaka ije dizeli tupu, kisha kaza.

Tatu, chunga unakonunua mafuta. Dizeli ya bei ya kirafiki inayouzwa kwa mitungi nyuma ya kichochoro mara nyingi imetiwa mafuta taa. Uchakachuaji huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliyatoza mafuta taa shilingi 18 kwa lita ili kuondoa tamaa ya kuyachanganya. Pampu ya lori kuukuu hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta taa ni mepesi, hayalainishi vya kutosha, na pampu iliyolika hushindwa kutoa msukumo unaofaa stata inapozunguka polepole. Ulichookoa kwa lita utakilipa kwa pampu.

Nne, tazama oili. Wenye malori wengi bado humimina oili nzito ya namba 40 peke yake kwa imani kwamba uzito ni nguvu. Kwenye baridi oili hiyo huwa nzito mno, na stata hulazimika kupigana nayo kabla ya kupigana na injini. Ile iliyoandikwa 15W-40 huwa nyepesi injini ikiwa baridi, na ikipata moto hulinda sawa na hiyo ya 40. Soma maandishi kwenye mtungi kabla ya kulipa.

Hatua ya nne: Ilaze betri mahali pema

Malori mengi ya ukubwa wa kati yana betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 24. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na asubuhi ya baridi nusu hiyo hupungua tena, kwa sababu kemikali iliyo ndani hufanya kazi polepole ikipoa. Kipimio cha volti cha bei nafuu kinatosha. Pima kila betri peke yake. Betri mpya ukiifunga pamoja na mwenzake mzee, mzee huivuta mpya chini, na baada ya miezi michache una wazee wawili.

Kisha tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani umejikusanya, mimina maji ya moto yenye magadi kidogo, sugua kwa brashi ya waya, kausha, kaza, kisha paka grisi. Usiishie hapo. Fuata kebo ya hasi mpaka inapofungwa kwenye chesisi, kwa maana hapo ndipo kutu hujificha, na mafundi wengi huuza stata mpya kwa lori ambalo shida yake ilikuwa bolti moja yenye kutu.

Sasa tuzungumze na utingo. Kijana wangu, tunajua kibanda cha lori ndicho chumba chako usiku. Tunajua redio hukuondolea upweke, na simu lazima zipate chaji. Lakini redio, taa ya ndani na simu tatu zikila usiku kucha, asubuhi utasukuma kwa mabega yako ule umeme uliousikiliza. Mwenye lori naye amnunulie huyu kijana blanketi la maana na taa ndogo ya sola. Ni rahisi kuliko betri.

Wapo wanaofungua betri kila jioni na kuilaza ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Hiyo ni busara maradufu, kwani betri iliyolala ndani huamka na nguvu zaidi. Iweke mbali na jiko na watoto. Asubuhi funga chanya kwanza, hasi mwisho.

Hatua ya tano: Ngoja hita

Malori mengi kuukuu yana plagi za hita, moja kwa kila silinda, ambazo kazi yake ni kupasha joto chumba cha kuwakia kabla ya stata kuguswa. Injini za zamani zenye chumba kidogo cha pembeni cha kuwakia huzitegemea mno. Bila hita asubuhi ya baridi ni kama hazina ruhusa ya kuwaka.

Na ni hizi hita ambazo mwenye lori huzitoa kafara kwanza. Moja ikifa anasema tatu zinatosha. Ya pili ikifa anasema Gusii si Ulaya. Kifaa cha kuhesabu muda kikiungua, fundi anakitupa na kufunga swichi ya kubonyeza chini ya dashibodi. Swichi hiyo haina kosa, mradi anayeibonyeza ana subira. Kwa asubuhi ya nyuzi 10, ibonyeze kwa sekunde 15 hadi 20. Hesabu kwa sauti ukilazimika. Kisha piga stata mara hiyo hiyo, kabla joto halijapotea.

Kuzipima hakuhitaji shahada. Ondoa kipande cha shaba kinachoziunganisha zote. Chukua balbu ndogo yenye volti sawa na ya mfumo wako, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine gusisha kichwa cha hita. Balbu ikiwaka, waya wa ndani wa hita haujakatika. Ikibaki giza, hita hiyo imekufa. Rudia kwa zote. Ukikuta mbili kati ya nne zimekufa, umeshapata jina la ugonjwa wako, na hukuhitaji maombi wala petroli.

Hatua ya sita: Piga stata kwa adabu, kisha usome moshi

Weka gia huru. Kanyaga klachi mpaka chini ili stata isizungushe na oili nzito ya giaboksi. Kwenye injini nyingi za pampu ya zamani, kanyaga mafuta nusu au zaidi ili pampu itoe dizeli ya kutosha. Piga stata sekunde kumi, usizidi 15. Lisipowaka, acha.

“Mzee, piga tena, lilikuwa linataka!” utingo atapaza sauti.

“Tulia, kijana. Stata ipoe kwanza.”

Dereva akijibu hivyo, mpe heshima yake. Stata hula umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote kwenye lori, na nyaya zake hupata moto kwa sekunde. Ipe dakika moja au mbili. Betri nayo hujikusanya katika muda huo. Bonyeza hita upya kila unaporudia.

Wakati stata inazunguka, utingo asimame nyuma atazame ekzosi, kwa kuwa moshi hueleza zaidi ya washauri wote waliokusanyika. Moshi mweupe unaouma macho maana yake dizeli inafika lakini haiwaki: joto halitoshi, kwa hiyo rudi kwenye hita, kasi ya stata na ringi. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki, kwa hiyo nenda hatua ya saba mara moja na uache kuitesa betri. Moshi mweusi lori likikaribia kuwaka maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: fungua filta ya hewa uone kama panya hawajajenga. Malori yanayolala kando ya maghala ya mahindi yameshakutwa na viota humo.

Hatua ya saba: Toa hewa

Lori la dizeli halivumilii hewa kwenye mafuta. Hewa hubanika, na pampu ikibana hewa haibaki na nguvu ya kufungua nozo. Lililolala likiwa limeelekeza pua mlimani, lenye mpira uliopasuka au washa za shaba zilizochoka, huruhusu dizeli irudi tangini usiku, na nafasi yake hujaa hewa.

Tafuta pampu ya mkono, kile kitufe kilicho juu ya filta au ubavuni mwa pampu. Legeza skrubu ya kutolea hewa, mizunguko miwili inatosha. Bonyeza pampu ya mkono polepole. Mwanzo utasikia mlio wa hewa, kisha povu jeupe, kisha viputo vikubwa, halafu viputo vidogo vinavyofuatana, na mwisho dizeli safi isiyo na kiputo hata kimoja. Hapo, huku mkono mwingine ukiendelea kubonyeza, kaza skrubu. Ukikaza wakati viputo bado vinatoka, umefanya kazi ya bure na utairudia mikono ikiwa imekufa ganzi.

Kama kila asubuhi unatoa hewa, kuna mahali inapoingia. Futa mabomba yote yakauke jioni. Asubuhi yakague kwa tochi, kiungo baada ya kiungo. Palipolowa ndipo palipo na tundu.

Hatua ya nane: Wakimbie washauri

Sasa tumewafikia wale waliokuzunguka. Wako watatu wa kuwaogopa.

Wa kwanza ana kitambaa chenye petroli na anataka kukiweka kwenye mdomo wa filta ya hewa. Atakuambia mwaka jana lori la shemeji yake liliwaka hivyo. Ni kweli liliwaka. Mvuke wa petroli ndani ya injini ya dizeli hulipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda, na kishindo hicho huvunja ringi na kupinda mikono ya pistoni. Zile dawa za kupuliza zenye etha ni kali hata zaidi, na zikikutana na hita iliyo nyekundu zinaweza kulipuka usoni pa anayepuliza. Lori lililozoeshwa hivi hudai petroli kila asubuhi, kwa sababu kila asubuhi ringi zinazidi kufa.

Wa pili anawasha moto chini ya lori. Matambara, mkaa, hata gurudumu kuukuu. Chini ya lori hilo kuna oili iliyovuja kwa miaka, mipira ya mafuta, nyaya zilizochunika na tangi. Anayelala chini kupuliza moto ule ni utingo, kijana wa watu, si mwenye lori. Ukihitaji kupasha joto, chemsha maji, lowesha vitambaa, vifunge kwenye bomba la kuingizia hewa na kwenye filta ya dizeli kwa dakika kadhaa, kisha vibadilishe. Usimwagie pampu maji yanayotokota, kwani chuma chake kilichopimwa kwa usahihi mkubwa kinaweza kukwama.

Wa tatu anataka literemshwe. Gusii ni milima, na kila dereva hapa huegesha akielekeza pua bondeni. Kwa gari dogo, mchana, barabara ikiwa tupu, ni njia inayokubalika: ufunguo uwashwe, gia ya pili au ya tatu, literemke kidogo, klachi iachiwe taratibu. Kwa lori lililojaa ndizi, gizani na ukungu umetanda, ni kucheza na roho za watu. Injini isipowaka usukani wenye msaada huwa mzito wa kutisha, na breki za hewa hazina hewa. Lori lenye breki za hewa peke yake hata halitembei, maana springi huyafunga magurudumu ya nyuma mpaka kompresa ijaze matangi. Wapo wanaofungua bolti za chemba ili magurudumu yaachie. Lori hilo sasa linateremka barabara ya Keroka bila breki hata moja, na chini kuna wanafunzi, bodaboda na akina mama wa soko. Hilo likataze kabisa, hata kama lori si lako.

Usukumaji wa kawaida kwenye tambarare hauna ubaya mkubwa, ila watu wakae ubavuni na nyuma pembeni, kamwe wasikae mbele. Ukipata mwenzio mwenye lori zima, omba jampa. Volti 24 kwa 24. Usithubutu kuunganisha 24 kwenye gari la 12.

Hatua ya tisa: Likiwaka, lipe heshima yake

Limewaka! Watu wanashangilia, mama mwenye ndizi anacheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, na dereva, kwa furaha, anakanyaga mafuta mpaka injini inalia. Aondoe mguu. Oili bado haijapanda hadi juu ya valvu, na ya kwenye tabo ndiyo huchelewa zaidi. Sekunde hizo za kwanza hula chuma sana.

Liache lingurume taratibu dakika tatu hadi tano. Tazama geji ya oili ipande. Tazama geji ya hewa ifike eneo la kijani kabla ya kuondoa jiwe gurudumuni. Kisha ondoka kwa gia ndogo, bila haraka, mpaka injini ipate moto wake. Mpigie mnunuzi umwambie mmeshaondoka. Kwa mara ya kwanza leo itakuwa kweli.

Hatua ya kumi: Lipeleke hospitali

Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lori linalowaka kwa petroli, kwa moto au kwa mteremko kila siku limeshasema lina ugonjwa, na wewe unajifanya husikii. Peleka nozo na pampu kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia, zisionwe kwa macho tu. Rekebisha nafasi za valvu. Pima mbano wa kila silinda. Ukikuta silinda moja iko chini sana kuliko wenzake, panga fedha za kufungua injini, maana hakuna betri wala hita inayoziba ringi iliyokwisha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Majani chai yanayochelewa kufika kiwandani Sanganyi, Kebirigo au Nyamache huanza kupata moto ndani ya mfuko na kubadilika rangi, na mkulima aliyeamka usiku kuyachuma ndiye anayepata hasara. Ndizi zinazochelewa kufika Nairobi hukuta bei imeshuka. Dereva hupoteza safari, utingo hupoteza posho, na akiungua hupoteza zaidi. Mara nyingi yote hayo yamesababishwa na plagi za hita ambazo mwenye lori aliona ni ghali.

Mwenye lori, wewe uliyelala huku vijana wako wakipuliza moto chini ya tangi, mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako kuliko kwa ajili yao. Dereva hawezi kubadilisha hita kwa mshahara wake, wala utingo hawezi kununua betri. Tenga siku moja mwezi wa Mei, kabla ukungu haujashuka, upime betri, hita, nozo na mabomba ya mafuta. Na usimwambie mtu yeyote awashe lori lako kwa moto.